Ekseli Haipandi Ndege Peke Yake

9 Februari

Mume wangu,

Pokea salamu, wewe na mke mwenzangu, ambaye najua anachungulia barua hii kwa nyuma yako. Mwambie asimame vizuri asije akapata kibiongo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa lifti, ambayo ni mgonjwa tangu wiki iliyopita. Shangazi yako anapanda ngazi hadi ghorofa ya sita kila jioni akitoka kazini, na akifika hana pumzi ya kunigombeza, kwa hiyo mimi binafsi simwombei fundi wa lifti aje haraka. Mguu wangu umepona. Daktari ameupiga picha, akaugeuza huku na huku, akasema ni mguu wa msichana. Nimemwomba aliandike hilo kwenye karatasi yenye mhuri, nimtumie mjukuu wangu niliyeolewa naye. Amekataa.

Unauliza kwa nini nakuandikia barua na hali kila mtu ana simu. Umesahau nilikuwa nafanya kazi gani? Nimekaa kwenye mtambo wa simu ujana wangu wote nikiunganisha watu, na hakuna ndoa, kesi wala mimba ya mji ule ambayo sikuijua kabla ya wenyewe. Simu ni kitu cha kusikilizwa na wengine. Na humu ndani tuna vyumba viwili na ukuta kama karatasi. Nikisema "halo" kwenye simu, shangazi yako anaitika kutoka jikoni.

Sasa breki zako za baiskeli. Duka la mtandaoni limekataa katakata kutuma huko kwetu. Nimeweka anwani ya nyumbani, likaniandikia kwa herufi nyekundu kwamba haliitambui sehemu hiyo. Duka zima, linajigamba linauza dunia nzima, halijui tulipo! Basi nikaweka anwani ya hapa, zikaja kesho yake asubuhi, nami nakutumia kwa posta. Utazikuta chini ya barua hii, nimezifunga kwa soksi za shangazi yako zisigongane njiani. Hajaziulizia bado.

Na jambo lenyewe ni hili. Nataka kurudi nyumbani. Nilikuja huku ng'ambo kutibiwa mguu, sikuja kuzeekea ghorofani nikitazama watu wasionijua wakipita chini. Lakini shangazi yako amenifungia. Kila nikisema narudi, yeye ni "subiri kidogo Mama, nyumba haijawa tayari." Nyumba gani hiyo, wakati niliiacha imesimama? Namjua mwanangu, anaogopa kubaki peke yake na televisheni. Wewe ndiye mwanamume wangu huko. Chumba changu kikoje? Nijibu hilo kwanza, habari za breki zije baadaye.

Mkeo wa kwanza,
Bibi


3 Machi

Mke wangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Utani baadaye, salamu kwanza; wewe ndiye uliyenifundisha. Sisi hatujambo. Mke mwenzako anakusalimu na anasema yeye hachungulii, barua anaisoma waziwazi nikishamaliza. Jirani wa nyuma ameongeza ghorofa na sasa anatuona hadi ndani ya sufuria. Kazini tunapima mlima mzima kwa ajili ya barabara mpya. Asubuhi napanda na darubini ya kupimia begani, jioni nashuka kwa miguu nikiwaza jinsi baiskeli ingeshuka pale, kona kwa kona. Wenzangu wanadhani nawaza barabara.

Breki zimefika. Bibi, sijawahi kuona breki za namna ile. Unagusa kwa kidole kimoja tu. Siku ya kwanza nilizijaribu pale kwenye mteremko wa shule, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Kidevu kimeshapona. Ekseli ya nyuma ndiyo iliyopinda, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu na kulifunga kwenye fremu.

Tarehe kumi na tano Agosti kuna mashindano ya kushuka mlima, nami nimejiandikisha. Usicheke. Nina miaka thelathini na saba na sijawahi kushindana kitu chochote maishani zaidi ya foleni ya benki. Lakini uma wangu wa mbele, ile panda inayoshika gurudumu, umekufa. Nikikanyaga jiwe, shokapu ni meno yangu. Lile duka lako lina uma mzuri sana, wenye shokapu za hewa, nao hawatumi kwetu hata uwalilie. Nakuomba uninunulie huo, pamoja na ekseli ya nyuma. Hela nimeituma kwa Shangazi. Baiskeli nimeipiga picha nzima ili uwaonyeshe, na vipimo vya ekseli nimeviandika nyuma ya picha.

Kuhusu chumba chako usiwe na wasiwasi. Fundi anapaka rangi. Unawajua mafundi. Akimaliza tu nitakuambia. Na Shangazi mvumilie, anakupenda kwa namna yake.

Mumeo


28 Machi

Mume wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mke mwenzangu msomaji. Lifti imepona, kwa hiyo magomvi yamerudi kama kawaida. Shangazi yako ameulizia soksi. Nimemwambia ziko safarini, akadhani natania.

Uma umepatikana, lakini si bila vita. Kwanza niliandikiana kwenye kompyuta na binti mmoja mpole wa lile duka. Kila nikimuuliza kitu ananishukuru kwa uvumilivu wangu. Nikamuuliza kama ameolewa, akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Nikamwambia huku natafutia mjukuu wangu mwingine mchumba, akanishukuru. Shangazi yako alicheka hadi akakaa sakafuni: kumbe ni mashine! Nikatafuta namba ya simu ya duka, nikapiga, nikaambiwa nisubiri, wakanipigia muziki. Mimi, opereta mzima, nasubirishwa kwa muziki! Nilipompata mtu hatimaye, nilimfundisha kwanza jinsi ya kupokea simu, kisha tukaingia kwenye uma.

Kijana wa watu akaniuliza, "Mama, unaendesha kwenye njia za aina gani?" Nikamwambia mimi njia yangu ni ya chooni na kurudi, ila mume wangu anashuka milima. Akauliza uzito wa mume, eti hewa ya shokapu hujazwa kwa kufuata uzito wa mpandaji. Nikamwambia nilimwacha mwembamba, lakini siku hizi ana mke mwingine na sijui anamlisha nini. Mwishowe tukakubaliana mtu wa wastani. Nimewaandikia na maoni kwenye ukurasa wao, nikawapa nyota nne. Ya tano nitawapa ukifika chini ya mlima ukiwa mzima.

Picha nimeiona. Nimeivalia miwani, kisha nikaazima na ya shangazi yako. Baiskeli ni nzuri sana. Fundi wako wa rangi naye ni hodari: ukuta ni wa kijani kilekile nilichokiacha, hata lile doa la dawa ya mbu lipo mahali pake, na kabati langu la nguo limeota cheni na matairi. Kitanda sikukiona. Labda fundi amekipaka rangi isiyoonekana. Sisemi kitu, mume wangu. Nauliza tu, nikija nitalala kwenye spoki?

Uma na ekseli vyote vimo ndani ya sanduku hili. Soksi safari hii ni zangu.

Bibi


20 Aprili

Mke wangu,

Shikamoo Bibi, tena na tena. Hapa wote wazima. Mvua imenyesha, bati la jikoni limevuja, nimelipanda mwenyewe nikaliziba, sasa linavuja upande wa pili. Mke mwenzako amepandishwa cheo kazini na siku hizi anatoa amri hata akiwa usingizini.

Kitanda kipo Bibi, tumekiegesha pembeni kwa muda, na kabati limeazimwa tu. Mambo ya rangi hayo.

Mzigo nilikwenda kuuchukua forodha mwenyewe. Hivi kwa nini uliandika kwenye fomu "zawadi kwa mume wangu"? Na nani alikuomba tarehe yako ya kuzaliwa? Afisa aliitazama fomu, akanitazama mimi, akaitazama tena fomu. "Huyu aliyetuma ni mkeo?" Nikaona nikianza kueleza utani wetu nitalala pale, nikasema ndiyo. Akapiga hesabu ya miaka yako kwa vidole, akaita wenzake wawili. "Na anakutumia vitu vya bei hii?" Nikasema ndiyo. Wakafungua sanduku, wakaushika ule uma, wakaupitisha mkono kwa mkono. Nilipokuwa natoka, mmoja wao alinifuata hadi mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama una dada.

Uma umeingia kama ulizaliwa na baiskeli hii. Tatizo ni ekseli. Ni fupi, na kosa ni langu. Niliipima ile ya zamani bila kuinyoosha, Bibi. Nilipima chuma kilichopinda, nikaandika urefu wake kama vile kimenyooka. Mimi, ambaye watu wananiamini na mipaka ya viwanja vyao! Sijamwambia mtu kazini. Nimezunguka maduka yote ya baiskeli mjini, nao wana ekseli za baiskeli za kubebea mizigo na za watoto. Ya aina hii wananiuliza kama ni ya trekta. Nakuomba unitafutie nyingine. Vipimo sahihi nimeviandika hapo chini na nimevirudia mara tatu. Bila hicho chuma baiskeli yote ni pambo la ukuta.

Chumba usikiwazie. Yote yanakwenda vizuri.

Mumeo


19 Mei

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume. Natumai mko wazima. Sisi tu wazima, kwa kadiri inavyowezekana.

Ekseli imefika. Iko hapa mezani mbele yangu, na safari hii ni yenyewe. Sasa nisikilize.

Jumapili nilimpasulia shangazi yako yote. Nilimwambia ni katili, amenifanya mfungwa, na hata mfungwa huambiwa tarehe yake ya kutoka. Alikuwa anakunja nguo. Akaacha, akaenda kuchukua simu yake, akanipa nisome mwenyewe. Tangu mwezi wa kwanza mwanangu anakuuliza wewe, "Chumba cha Mama kiko tayari, nikate tiketi?" Na wewe unamjibu bado kidogo. Mwezi wa pili, bado kidogo. Wa tatu, fundi amesafiri. Wa nne, saruji haijakauka. Saruji, mjukuu wangu! Nyumba ile niliijenga mimi, nikamwagilia saruji yake kwa ndoo kichwani. Unaniambia mimi habari za saruji?

Kumbe mlinzi wa gereza si huyu niliyekuwa namsengenya. Ni wewe niliyekuwa nakuletea malalamiko. Nimelia. Naliandika hivyohivyo usije ukasema hukujua. Sikukililia chumba. Nilimlilia mwanangu, ambaye amevumilia kununiwa miezi yote hiyo bila kukutaja, kwa sababu alijua ninavyokupenda na hakutaka kuniharibia.

Nadhani sababu naijua. Nikiwa huku una duka, nikirudi huna. Bibi wa ng'ambo ana faida kuliko bibi wa nyumbani. Kama nimekosea, niambie nimekosea. Nitafurahi sana kukosea.

Ekseli naifunga kwenye kitambaa, naiweka ndani ya mkoba wangu wa mkononi. Haipandi ndege bila mimi. Uma unao, breki unazo, na mashindano ni mwezi wa nane. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wewe ulinisubirisha, sasa subiri na wewe tuone kunakuwaje.

Bibi yako


1 Julai

Bibi,

Shikamoo. Hatujambo. Barua yako niliipata na nimechelewa kujibu. Kazi ilikuwa nyingi. Si kweli, kazi haikuwa nyingi.

Nilikasirika, nikaona sikuhitaji wewe wala ekseli yako. Nikatafuta duka jingine la ng'ambo, lenyewe linasema linatuma popote pale ambapo jua huchomoza. Ekseli ileile, na bei ndogo hadi nikaingiwa na huruma juu ya mwenye duka. Nikalipa. Nikawa nafuatilia mzigo wangu kwenye kompyuta kazini. Umepita nchi ambazo mimi sitazipita maisha yangu yote, ukarudi mara mbili kwenye nchi moja kana kwamba umesahau kitu. Wiki iliyopita umefika. Ni bahasha, ndani yake kengele ya baiskeli ya mtoto, ya rangi ya waridi, yenye picha ya sungura anayecheka. Nimeandika malalamiko marefu, yenye picha na vipimo. Wamenishukuru kwa uvumilivu wangu na kuniomba nyota tano.

Kuhusu uliyosema. Si vipuri. Siwezi kuapa kwamba si vipuri hata kidogo, lakini si vipuri. Hospitali iko mbali, wewe unajua. Ngazi ya mlango wa nyuma bado ni ndefu kwa mguu wako. Mchana sisi tuko kazini, nani atakuwa nawe? Shangazi huko ana madaktari barabara ya pili tu. Hizo ni sababu za mtu mwenye akili timamu na mtu yeyote angezikubali. Nyingine ipo, ila haiandikiki.

Naomba ekseli, Bibi. Mashindano yamekaribia.

Mjukuu wako

Bibi, shikamoo. Ni mimi, mke mwenzako. Nimepewa barua hii niipeleke posta, nami kama unavyojua nina tabia ya kusoma. Usimsikilize. Njoo. Kitanda chako kiko kwetu chumbani, kimesimamishwa ukutani, na nakigonga kwa kidole cha mguu kila nikiamka. Mumeo huyu haingii kile chumba ila kuweka baiskeli na kutoka mbio. Kuna kitu kinamsumbua, hasemi hata kwangu. Kengele nimeifunga mlango wa mbele. Inalia vizuri.


18 Julai

Mume wangu,

Nimekurudisha kwa muda, kwa majaribio. Mke mwenzangu mpe salamu zake peke yake, tena mpe mkononi, usizifungue.

Shangazi yako amekata tiketi. Tangu ile Jumapili tunakula pamoja bila televisheni, na nimegundua ana mambo mengi ya kusimulia. Sikujua kwa sababu nilikuwa nimemnunia. Amefungasha sanduku langu mara tatu. Kila mara anasahau kitu fulani ili alifungue tena. Jana nilimkuta amekaa sakafuni, ameshika kanga yangu, ananiambia anaikunja. Huyu ndiye niliyemwita mlinzi wa gereza. Nimemwambia aje likizo, na akija asilete vipuri.

Natua Jumamosi tarehe kumi na tano Agosti, saa nne asubuhi. Ndiyo, naijua siku hiyo. Yeye alikata tiketi bila kujua. Mimi nilijua nikanyamaza. Ningeweza kumwambia abadilishe. Nilifungua mdomo, nikanywa chai.

Sikuombi uje kunipokea. Teksi zipo. Azima ekseli kwa mtu, najua kuna wenzako wanazo, nenda kashuke mlima wako. Sitakununia, nimezeeka, kununa kunachosha. Nitakuuliza tu jambo moja tukionana: ni kitu gani hicho kisichoandikika? Kama ni kwamba hunitaki ndani ya nyumba, sema. Nitalisikia na nitalikubali. Lakini nitalisikia nikiwa nimeketi juu ya kitanda changu, chumbani kwangu, miguu yangu yote miwili ikiwa chini. Sitaki jingine kwako. Hata nyumba mkiitaka yote mtaipata, ila chumba kile nataka nifungue macho asubuhi nikione, mpaka siku nitakayoshindwa kuyafungua.

Ukishuka mlima, breki ziguse taratibu.

Bibi


15 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Barua hii haina stempu. Nitaiweka juu ya mto wako, na sasa hivi wewe uko sebuleni, unamweleza mke mwenzako jinsi ulivyogombana na mhudumu wa ndege. Nakusikia ninapoandika. Naona umeshinda.

Ulinikuta uwanja wa ndege, ukasema "Umenenepa," ukanipa ekseli kabla hujanipa mkono. Saa ileile wenzangu walikuwa wanaanza kushuka. Wamenipigia kuniambia ameshinda daktari mmoja wa mifugo, tena kwa baiskeli ya kuazima, na kwamba mimi nimetangazwa kwenye vipaza sauti mara tatu kuwa sikufika, watu wakapiga makofi wakidhani ni jina la mshindi. Ekseli nilikuwa nimeazima, Bibi. Ulibashiri sawasawa. Niliifunga jana jioni, ikaingia, gurudumu likazunguka bila kutikisika hata kidogo. Leo alfajiri niliitazama baiskeli ikiwa imekamilika kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, nikaisukuma hadi banda la nyuma, nikatafuta ufunguo wa gari.

Njiani uliniuliza swali lako, nami nikawasha redio. Nisamehe. Mdomo umekataa, najaribu mkono.

Siku ile ulipoanguka, mimi ndiye niliyefungua mlango. Watu wote wanajua kwamba ulivunjika mguu. Wanajua pia kwamba nilipiga kelele nawe ukaniambia, "Mbona unanipigia kelele kama muuza samaki?" Hicho kipande nimekisimulia mara nyingi na watu wote hucheka. Cha kabla ya hapo sijakisimulia. Ulikuwa sakafuni, kati ya kitanda na kabati, macho wazi, na hukuniitikia. Nilikuita Bibi. Nikakuita mke wangu. Halafu nikakuita kwa jina lako, lile ambalo sijawahi kulitamka tangu nizaliwe, na bado hukuitika. Nilikaa chini pembeni yako. Niliamini umekufa, na nilikuwa nimeshaanza kukubali, ndipo ukazungumza.

Ulipoondoka, kila nilipopita mlangoni nilikuona pale chini. Nikaweka baiskeli mahali pale, ili pasiwe na nafasi ya mtu kulala. Haikutosha, nikaongeza matairi, nikatoa kitanda, nikatundika cheni. Shangazi aliponiuliza kama chumba kiko tayari, nilisema bado, na kwangu mimi ulikuwa ukweli mtupu. Huko ulikokuwa, ulikuwa hai. Mtu aliye ng'ambo hafi, anachelewa tu kujibu. Nikiagiza kitu, baada ya wiki kadhaa linakuja sanduku lenye mwandiko wako na soksi za watu. Kama baiskeli ingekuwa nzima, ningeagiza nini tena?

Sasa umekuja. Nimetoa kila kitu, nimefagia, nimekipiga deki chumba mwenyewe, nikapiga magoti pale pale nikasugua, nikarudisha kitanda. Ukuta sikuupaka. Hapakuwa na fundi yeyote, lakini hilo unalijua. Najua siku moja nitaufungua tena mlango huu na hutaitika, na hakuna duka la kuagizia cha kunisaidia siku hiyo. Naogopa, Bibi. Nakutaka nyumbani, na naogopa, yote mawili.

Ukimaliza kusoma usinijibu kwa maandishi. Niite. Niite kwa sauti kubwa, kama unavyoniita ukitaka chai, hata kama chai huitaki. Niko hapa nje ya mlango wako, nimekaa sakafuni, nasikiliza.

Mumeo